Swala Mdaka Mipira na Kelele za Kanga

Zama wanyama walipocheza besiboli, Swala alilinda nyuma ya uwanja. Mpira ulipopigwa juu, aliudaka kabla haujagusa ardhi, na jina lake likavuma misimu mingi. Jirani yake uwanjani, Kanga, hakuwa na mbio, ila alijua kupiga kelele: “Kushoto! Rudi nyuma!”

“Nyamaza, unaniumiza masikio,” Swala alimfokea siku ya fainali.

Kanga akanyamaza. Mpira ukapaa, jua likampiga Swala machoni, akatimka kuelekea kusiko, mpira ukaanguka mbali naye. Wakazomewa.

“Ndugu yangu, niite!” Swala akamlilia Kanga.

Mpira wa mwisho ulipopaa, Kanga akamwita, “Kulia! Songa mbele!” Swala akaudaka, wakashinda. Mashabiki walipombeba Swala, alijichomoa akamkumbatia Kanga.

“Ahsante, ndugu yangu,” akasema machozi yakimlengalenga. “Kumbe nilikuwa miguu tu.”