Kamba ya Séverin

Kamba ilijibu, na Bupe akashusha pumzi.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kukaa kwenye mashua na kushika kamba iliyofungwa kiunoni mwa shemeji yake, Séverin, aliyekuwa chini kwenye matope ya bandari ya Durban. Bupe akivuta mara moja, anauliza: uko sawa? Séverin akivuta mara moja, anajibu: niko sawa. Akivuta mfululizo, maana yake nipandishe. Wapiga mbizi wanaokwangua meli hawana lugha nyingine huko chini, na anayeshika kamba haruhusiwi hata kujikuna.

Asubuhi, Marie-Jeanne, dada yake Bupe na mke wa Séverin, mimba imemfika kidevuni, alikuwa amemwambia: "Ukirudi bila bwana yangu, usirudi." Hakuwa akitania. Katika familia ile utani wote aliuchukua Bupe.

"Muulize tena," alisema Kipkoech.

Huyu Kipkoech, Mkenya anayefundisha historia chuo kikuu, ndiye aliyewakodi. Siku chache nyuma, Séverin akiwa chini ya meli alipapasa chuma kirefu matopeni, chenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Alipolisimulia jambo hilo kanisani watu walicheka. Kipkoech hakucheka.

"Ni kombora la majini, la wakati wa vita," alimweleza Bupe. "Watu wawili wanalipanda kama pikipiki, chini kwa chini, hadi tumboni mwa meli ya adui. Wanabandika bomu, wanarudi."

"Na hawa walirudi?"

"Chombo chao kiko hapa. Wangerudi na nini?"

"Na teksi," alisema Bupe.

Kipkoech alicheka kidogo, kisha akayatazama maji. "Hakuna aliyewatafuta. Waliowatuma hawakutaka ijulikane kwamba walituma watu. Kule gizani walifungana kamba, wakazungumza kwa kuvutana."

"Kama sisi."

"Kama nyinyi."

Bupe akavuta. Jibu lilichelewa, likaja kwa upole. Kwa kawaida Séverin hujibu kama mtu anayeng'oa muhogo. Leo, Bupe aliwaza, kumbe hata shemeji akikodiwa na profesa anapata adabu. Viputo vya hewa hakuviona. Meli za kukokota zilikuwa zikipita na kuvuruga maji yote, nayo yalikuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Lakini kamba ilikuwa hai mkononi, na hiyo ilimtosha.

Ndipo ikavutwa mfululizo.

"Anaita," Bupe alisema, tayari amesimama. Akavuta. Haikuja. Ilikuwa nzito kama kabati lenye nguo za ukoo mzima. "Profesa, kuja unisaidie. Huyu mutu amekula nini?"

Wakavuta wawili, miguu wameikaza ukingoni. Chini, kamba iliendelea kuita, haraka haraka, kama ya mtu anayeishiwa na hewa. Bupe alimwona akilini Marie-Jeanne amesimama mlangoni, mkono tumboni, akimtazama anavyokuja peke yake. Viganja vilichanika. Hakuachia. Kamba ikapanda kidogo, ikapanda tena.

Mkono wa mtu wa tatu ukaikamata mbele ya mikono yake. Ulikuwa umelowa, na pete ya ndoa kidoleni.

"Munavuta nini?" aliuliza Séverin, akihema, maji yakimtiririka; alikuwa amepanda kwa ngazi ya nyuma ya mashua. "Kamba ilinasa pale tu nilifika chini. Nikaikata, nikaifunga kwa kiti cha nyuma, tusipoteze fasi, pale chuma iko."

Hakuna aliyeiachia kamba.

Kisha kutoka chini ukaja mvuto mmoja, wa upole, kama wa mtu anayeuliza kama bado mpo.