Mpaka Bibi Aridhike

Jamani, soko la mtandaoni limeniletea mgeni! Siku hizi ukimlalamikia muuzaji, anakuja kukaa kwako mpaka ubonyeze kwamba umeridhika. Mimi nililalamika mkeka umefumuka, akaja Mize, aliyeniuzia. Kaushona upya siku ile ile. Lakini anavyopika, anavyocheka! Nyumba hii ilikuwa kimya tangu wanangu wahame.

Leo siku ya tisa. Asubuhi kapiga magoti: "Bibi, mkeka si umepona? Bonyeza basi, nimeacha mtoto wa kunyonya."

"Nitabonyeza, mjukuu wangu. Kwani nakufukuza? Kwanza tule."

Akajifuta macho, akaenda jikoni. Nikachukua simu, nikabonyeza: bado. Wali wake wa nazi unanukia mpaka barabarani, jamani!