Neno la Mama

Shahidi akivunjwa mahakamani, neno lake peke yake halipokelewi tena popote mpaka anaingia kaburini. Tumsifu aliijua sheria hiyo, na bado akamchagua mama yake awe shahidi wa kumdodosa katika mtihani wa uzamili wa kuendesha kesi. Mama alikubali huku akicheka. Kizimbani aliapa kuwa ni mzima; Tumsifu akarudia kuuliza “Umejuaje?” mpaka mama akakiri kuwa amesema uongo: mguu ulimuuma miaka yote, akaficha ili binti asome. Ukumbi ukampigia Tumsifu makofi.

Leo mama alisimama mbele ya kabati la dawa sebuleni, lisilofunguka mpaka lisadiki neno la mgonjwa.

“Mguu unaniuma.”

“Leta shahidi,” kabati likajibu.

“Nisemee, mwanangu.”

“Anaumwa,” Tumsifu akasema.

“Umejuaje?”

Swali lilelile alilomuuliza mama kwenye mtihani, na yeye alijua kwa neno la mama tu. Tumsifu akainamisha uso kwa soni. Mama, bila kumtazama, akapandisha kanga, kabati lijionee mguu wenyewe.