Buti za Kamba Nyekundu

Marlys alikuwa amechuchumaa kando ya gari-nyumba lake, akizipaka tope buti za kiume kwa kijiko cha supu. Buti zilikuwa kubwa, mpya, na hakuna mwanamume aliyewahi kuzivaa. Pembeni palikuwa na bakuli la mbwa lililojaa maji. Mbwa hakuwepo.

"Shoga, huo uji unampikia nani?"

Aliyeuliza ni jirani yake kwenye kambi ya wasafiri, mwanamke mnene mwenye mkia mrefu wa nywele nyeupe. Aliitwa Nadine, na gari-nyumba lake la kijani lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka hapo.

Marlys aliona haya, kisha akacheka. Wanawake wanaozunguka nchi peke yao kwa magari haya wanaijua dawa hiyo. Unaweka buti za dume mlangoni na bakuli la jibwa, ili mwenye nia mbaya adhani mwenye nyumba yumo ndani. Tahadhari kabla ya hatari.

Nadine aliokota buti moja, akaigeuza.

"Tazama soli. Haijakanyaga hata kokoto. Watu wana macho, mwenzangu! Buti hizi zinapiga kelele: humu kuna mjane, yuko peke yake, karibuni."

Neno lile lilimchoma Marlys. Gari hili alilinunua na mumewe Delbert ili wakistaafu waende wakaione Bahari ya Pasifiki, na Delbert akafa kabla hawajatoka jimboni kwao Nebraska. Binti yao, Kendra, alikubali mama yake aende peke yake kwa sharti moja tu: akitishwa hata mara moja, arudi, na gari liuzwe. Marlys alijua kinachomngoja huko, yaani chumba cha nyuma kwa Kendra na televisheni mpaka kufa. Lakini kila giza lilipoingia alitetemeka, na hilo hakumwambia mtu.

Jioni ile Nadine alimkaribisha chakula. Walikula nje, kwenye viti vya kukunja, kwa kuwa ndani, alisema Nadine, palikuwa vurugu tupu. Sufuria ya maharage na nyama ingewashibisha wanaume wawili.

"Sijui kupika kidogo," Nadine alisema. "Mume alinizoesha vibaya."

"Wa kwangu pia," Marlys alisema, akamgusa mkono.

Walipokwenda bombani kuchota maji, Marlys alisimama mbele ya ubao wa matangazo. Palikuwa na picha ya uso wa mwanamke mwenye miwani. Alikuwa akisafiri peke yake, na sasa alikuwa akitafutwa.

"Masikini Corrine," Nadine alisema. "Nilikunywa naye kahawa wiki ileile aliyopotea. Nilimpa ushauri huuhuu ninaokupa wewe."

"Hakusikia?"

"Alisikia." Nadine alifunga bomba. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kesho unalala wapi?"

Barabarani hakuna asiyeuliza swali hilo. Marlys alimweleza: Nevada, kwenye korongo fulani ambako lami inakwisha. Hakuna malipo, hakuna watu, hata simu haishiki.

"Huko?" Nadine aliguna. "Na buti zako za dukani?"

Asubuhi Marlys alipokuwa akikunja waya wa umeme, Nadine alikuja na buti nyingine. Hizi zilikuwa zimeishi. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja, ngozi imepasuka kwenye vidole, na kamba zilikuwa nyekundu, nyekundu ya kuonekana mbali.

"Za mume wangu. Kwa sasa hana haja nazo."

Marlys alizipokea kwa mikono miwili. Ndani zilikuwa na uvuguvugu, na yeye akadhani ni jua. Machozi yalimlenga. Yeye mwenyewe hajaweza kumpa mtu hata shati moja la Delbert.

"Siwezi kuzichukua, dada."

"Utazichukua. Ziweke kwenye ngazi, kamba zitazame barabara. Niahidi."

"Nakuahidi."

Zile mpya Nadine alizitupa kwenye pipa la taka kwa mkono wake mwenyewe, wakacheka wote wawili.

Marlys alifika korongoni jua likiwa bado juu ya mlima. Aliweka buti kwenye ngazi, kamba zikitazama barabara, akaingia ndani, akafunga mlango. Alijisikiliza, akangoja woga uje kama kawaida yake. Haukuja. Alifurahi kiasi cha kuimba peke yake, kwa sauti yake mbaya hivyohivyo. Akabandika maji ya kahawa.

Kisha akasikia gari. Lilikuja polepole kwenye changarawe, likapunguza mwendo zaidi, likasimama mkabala na ngazi yake.

"Delbert!" Marlys aliita kwa nguvu, kama wanavyofanya wanawake wanaosafiri peke yao. "Tuna wageni, mume wangu!"

Akachungulia pembeni ya pazia. Gari lilikuwa la kijani, na kwenye usukani alikuwa Nadine. Alicheka kwa furaha. Akarudi jikoni, akatoa kikombe cha pili, akachungulia tena kumpungia mkono.

Nadine alikuwa ameinamisha kichwa, hatazami. Mlango wa upande wa pili ulifunguka, akateremka mwanamume mkubwa, mwenye soksi tupu miguuni. Alikanyaga changarawe kwa uangalifu mpaka kwenye ngazi, akaketi, akavaa buti moja, halafu ya pili. Akafunga kamba nyekundu bila haraka, akasimama, akabisha hodi.