Dhahabu Kichwani mwa Faki

Nyaya za shaba zilizomshikia Faki kumbukumbu kichwani ziliota kutu, akaanza kumsahau mkewe. Asubuhi alimkaribisha Bi Mize kitini kama mgeni, akamuuliza amefikia kwa nani.

"Shaba haidumu kwenye damu," Chumu, fundi wa kumbukumbu, alimwambia Bi Mize. "Tutie dhahabu. Wazee waliifukia ardhini, wajukuu wakaifukua inang'aa vilevile. Ndiyo maana watu waliipenda hivyo: haiozi. Lakini lete yako, bibi, sisi hatuna."

Bi Mize akavua yote aliyotuzwa harusini. Chumu akayeyusha, akapima, akaguna.

"Inatosha miaka arobaini tu. Tuanzie wapi?"

"Siku aliyonioa," alijibu bila kusita.

Faki alipozinduka alitabasamu. "Mize wangu! Mbona mikono mitupu, umeibiwa?"

"Umeivaa wewe, mzee."

Wakacheka mpaka machozi. Walipofika nyumbani, Faki akasimama mbele ya picha ya ukutani, akamtazama kwa adabu mwanamke aliyevaa buibui.

"Huyu nani, Mize?"

Alikuwa mama yake Faki, aliyefariki kabla ya harusi yao.

Gharama yote ilikuwa hiyo: bangili nne, kipini kimoja, herini za masikio mawili, na mama mzazi.