Wembe wa Mayen

Mayen alikandamiza wembe juu ya kidonge. Wembe ukateleza, na nusu ya kidonge ikaruka hadi chini ya gunia la unga. Yeye na mkewe, Yar, wakapiga magoti kuitafuta kabla kuku hajaiona.

"Akimeza hiyo, atalala mpaka Krismasi," Yar alisema.

Vidonge vya kutuliza wasiwasi viliingia nyumbani kwao Kakuma mwaka uliotangulia, baada ya habari za vita kutoka ng'ambo ya mpaka wa Nadapal. Daktari aliviandika, na kwa kweli vilisaidia. Taabu ilikuja baadaye, usingizi ulipokataa kuja bila kidonge. Jirani mmoja akashauri vitupwe chooni vyote kwa mpigo. Vikatupwa. Siku chache tu, likaja degedege kama la mtoto mchanga, na bodaboda ikakimbilia zahanati na watu watatu mgongoni.

Daktari Lochakapong, mtu wa Lokori, hakufoka.

"Mwili ushazoea dawa," alisema. "Hii haiachwi ghafla, inaweza kuua mtu. Tutarudi kwa kipimo cha zamani, halafu tupunguze kidogo kidogo. Mwili ukisumbua, tunasimama hapo kwanza. Hatukimbizwi."

Tangu siku hiyo wembe ukawa kazi ya Mayen. Kila kipande kilivyopungua, naye alipungua. Chakula kilimshinda. Kitandani aligeuka na kugeuka kama chapati juu ya moto. Kwenye kiduka chao, Shamso, mama Msomali wa jirani, aliomba sukari akapimiwa chumvi, na kesho yake akapimiwa chumvi tena.

"Hii dawa itamaliza wewe," Shamso alimwambia. "Kunywa maziwa ya ngamia."

"Nimekunywa. Sasa usingizi hakuna na tumbo pia inauma."

Yar alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Vumilia, baba Adhel. Imebaki kidogo."

Vipande vikawa kama punje za mtama. Ikaja jioni ambayo hapakuwa na cha kukata. Mayen aliuzungusha wembe mkononi, hajui auweke wapi.

Siku ya kurudi zahanati, aliingia wa kwanza na kuketi mbele ya meza kabla hajakaribishwa, akamsalimu daktari kwa Kiturkana.

"Ejok, daktari. Mambo ni mbaya. Moyo inapiga kama ngoma. Jasho, hata asubuhi. Jana nimelia kwa sababu ya kitunguu, na hiyo kitunguu hata sijakata."

Lochakapong alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akaweka kalamu chini.

"Pole sana, mzee. Sasa toka kwa hicho kiti, mgonjwa akae."

Yar akaketi. Daktari akamuuliza kama analala.

"Nalala vizuri, daktari," alisema. "Ni huyu tu ananiamsha."