Mtumbwi wa Leonidas

Mtumbwi ulikuwa wa watu wawili, na Malongo alikuwa peke yake. Bega lake la kushoto halikuinuka vizuri. Kila akivuta kafi mara kumi, mtumbwi ulienda kombo upande wa kisiwa cha Rubondo, naye alilazimika kupumzika kidogo, kisha kuurudisha kwenye njia yake. Ilikuwa siku ya pili tangu aondoke Chato. Malengelenge ya viganjani yalikuwa yamepasuka, na mengine yalikuwa yanatoka palepale.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa kumi, walikuwa wawili. Leonidas alikaa mbele, Malongo nyuma, wakitoka Kome, kisiwani kwao Malongo, ambako walikuwa wamevua pamoja miaka mitatu. Mtumbwi waliuunda kwa mikono yao. Ulikuwa wa mama yake Leonidas, Verediana, ambaye Operesheni Vijiji ilimtoa kwenye migomba yake na kumleta kijiji cha ujamaa ufukweni, mbele ya Kasenda. Leonidas alisema mama hawezi kukaa kando ya ziwa bila chombo chake mwenyewe. Malongo akajitolea kumsindikiza. Alimwambia mkewe, Secilia, kwamba hata wiki mbili hazitaisha.

Walifika Chato siku ya sita, wakawakuta mgambo wenye bunduki wamesimama majini hadi magotini. Majeshi ya Amini wa Uganda yalikuwa yameingia Kagera. Hakuna chombo kilichoruhusiwa kutembea ziwani, na kijana yeyote aliyepitia mafunzo ya mgambo alitakiwa kujiandikisha. Wao wote wawili walikuwa wamepitia. Mzee mmoja, Bulugu, aliupindua mtumbwi nyuma ya zizi lake na kuufunika kwa nyasi, akawaambia wataukuta.

Malongo aliukuta. Lakini peke yake.

Walikuwa ndani kabisa ya Uganda siku kombora lilipoangukia handaki walimolala. Malongo alizindukia ndani ya lori, kifua kimefungwa bendeji. Askari aliyemfukua alimwambia kwamba katika shimo lile aliyekuwa na pumzi alikuwa mmoja tu. Malongo hakuuliza tena. Alilala hospitalini Mwanza miezi minne, na katika miezi hiyo hakumtumia mtu barua. Aliporuhusiwa, Kome ilikuwa mwendo wa siku moja. Hakwenda. Aliona hataweza kukaa na mkewe wakila na kucheka, huku mama wa mwenzake bado anaangalia njia. Akapanda lori la pamba hadi Geita, kisha akaunga safari hadi Chato.

Mzee Bulugu alimsaidia kuziba nyufa kwa pamba na lami. Akamshauri angoje bega lipone. Malongo alimjibu kwamba akingoja hatakwenda tena.

Jioni ya siku hiyo ya pili alivuta mtumbwi kwenye kambi ndogo ya wavuvi. Mama mmoja aliyekuwa akikausha samaki, Deodata, alimpa ugali na sato wa moshi, akamuuliza anakwenda kwa nani. Malongo alisema anakwenda kwa Verediana.

Deodata alimtazama kwa huruma.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Matanga wameanua wiki iliyopita."

Malongo aliacha tonge mkononi. Kumbe habari imemtangulia. Pengine jeshi lilituma mtu, au mwenzao mmoja alipita. Mzigo ulimshuka, halafu akaona aibu kwamba umemshuka. Maneno aliyokuwa akiyapanga tangu hospitalini hayakuwa na kazi tena. Alifikiri kumwachia Deodata mtumbwi, aufikishe mtu mwingine, yeye ageuke nyumbani. Usiku kucha bega lilimuuma, na wazo hilo lilizidi kuwa tamu.

Asubuhi alitia mtumbwi majini, akaelekea kaskazini.

Upepo ulikuwa mkali siku ile. Maji yaliingia, akawa anavuta kafi kidogo na kuyakumba kwa kibuyu kidogo, hadi akapoteza hesabu ya vyote viwili. Kulipokuwa shwari, jua lilikuwa limeshageukia magharibi. Aliona mapaa ya bati mawili, safu ndefu ya nyumba za nyasi, na mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa akiosha mihogo ufukweni. Uso ulikuwa wa Leonidas mtupu.

Alishuka, akashika ubavu wa mtumbwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na ziwa."

"Mama, mtumbwi huu ni wako. Mwanao aliuunda. Mimi nilikuwa naye." Aligusa ubao wa mbele. "Nilikuwa naye hadi mwisho. Nisamehe kwamba nimekuja peke yangu."

Verediana aliacha mihogo. Alikuja taratibu, akapitisha kiganja juu ya ubao, kisha akamwangalia yule mgeni, bega lile lililopinda, mikono ile yenye damu. Akamuuliza jina lake ni nani.

"Malongo, mama. Malongo wa Kome."

Mwanamke alirudi nyuma hatua mbili, maji yakamfika vifundoni. Akasogea tena, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaubonyeza mashavuni kama anayetafuta mfupa.

"Malongo tumemlilia hapa siku nne," alisema. "Leonidas mwenyewe ndiye aliyetuletea habari. Alikuwa zamu nje handaki lilipofukiwa, akaambiwa hakuna aliyepona. Juzi amepanda lori kwenda Kome, akamwambie mkeo."